Mikwaruzo Iliyo Nyuma ya Kifuniko

Nikishika saa ya mfukoni ya zamani, uso wake nautazama mwisho. Kwanza naigeuza, naingiza ukucha kwenye mfereji mwembamba ulio pembeni, nafungua kifuniko cha nyuma na kukiinamisha mpaka mwanga wa taa ukipige kwa ubavu. Mara nyingi hapo ndipo vinapojitokeza: tarakimu tatu nne, herufi mbili, kistari, pengine tarehe nzima, vyote vimekwaruzwa kwa ncha ya kitu kama sindano. Ni alama za mafundi. Aliyeifungua saa kuitengeneza aliandika humo namba yake ya kazi, ili siku ikirudi ajue kama ni yeye aliyeigusa na lini, mteja asije akamwambia "umeitengeneza juzi tu" kumbe imepita miaka sita.

Saa iliyo mezani kwangu wiki hii ina alama saba. Mbili ni za mkono mmoja: nne yake ina mguu mrefu, saba yake imekatwa kistari katikati. Ya kwanza ina mwaka 1899, ya mwisho 1931. Baada ya hapo, kimya. Nani aliitupia kwenye droo, na kwa nini, saa haisemi. Inachosema ni kwamba kwa zaidi ya miaka thelathini kulikuwa na mtu, au watu, walioijali kiasi cha kuipeleka kwa fundi kila ilipochoka, na kwamba mafundi wale walikuwa na adabu ya kazi. Skrubu zake zote bado zina vichwa safi, mifereji haijachubuliwa. Bisibisi isiyolingana na skrubu huacha kovu lisilofutika, na makovu hayo nayasoma kama daktari anavyosoma picha.

Mimi si fundi saa. Mkate wangu unatoka kwenye kompyuta, na kompyuta hainuki mafuta. Nilianza uraibu huu kwa kudanganyika. Niliona mtandaoni saa ya mfukoni ya kasha la fedha, maelezo yakisema "inafanya kazi ukiitikisa". Wazoefu wanacheka wakisoma hapo. Saa nzima haihitaji kutikiswa. Hiyo inayotembea kwa kutikiswa ni sawa na mtu anayetembea kwa kusukumwa. Nikainunua. Ilipofika niliitikisa, ikatembea sekunde kumi, ikasimama. Nikaitikisa tena. Nikakaa nayo hivyo jioni nzima, kama mtoto na njuga.

Ilikuwa ya kiwanda cha Waltham, kilichoanzia Massachusetts, Marekani, mwaka 1850. Wakati ule sikujua kwamba bahati yangu ilikuwa imejificha kwenye jina hilo. Aaron Dennison, mmoja wa waanzilishi, alikuwa ametazama bunduki zinavyotengenezwa kwa mashine, sehemu moja ikiweza kuchukua nafasi ya nyingine, akauliza kwa nini saa isitengenezwe vivyo hivyo. Saa za Uingereza za zama hizo zilikuwa kazi ya mikono mingi, kila gurudumu likiwa limechongwa na kukatwa lilingane na tundu lake. Ukitoa gurudumu la saa hii ukalitia kwenye nyingine ya fundi huyo huyo, halikubali. Za Waltham, na baadaye za viwanda vya Elgin na Hamilton, zilitoka kwa maelfu zikiwa ndugu wa damu. Mtambo, yaani mashine yote ya ndani, una namba, namba ipo kwenye orodha za kiwanda, na orodha inakupa mwaka wa kuzaliwa. Ya kwangu ilikuwa ya miaka ya 1890. Ukiikuta mbovu, unatafuta mbovu nyingine ya aina ile ile, na katika maiti wawili unapata mzima mmoja.

Nitaeleza kilichomo ndani, maana bila hicho mengine hayataeleweka. Nguvu yote inatoka kwenye kamani, utepe mrefu wa chuma cha pua uliojikunja ndani ya kopo la shaba. Unapoitia saa ufunguo, unaukaza utepe ule; siku nzima inayofuata unajitahidi kujikunjua. Magurudumu manne matano yanapokezana nguvu hiyo mpaka kwenye gurudumu la mwisho lenye meno ya ajabu, yamejipinda kama vidole vinavyoita. Meno haya yangekimbia yote kwa sekunde chache kama yasingezuiwa na kitu kidogo chenye umbo la nanga, chenye vito viwili kwenye ncha zake. Nanga inaachia jino moja, inakamata linalofuata. Anayeiamrisha nanga ni gurudumu la mizani, lile unaloliona likienda na kurudi ukifungua kifuniko, na linalorudishwa na springi nyembamba kama unywele iliyozungushwa kama konokono. Mlio wa saa ni vito vile vikigonga meno. Saa nyingi za mfukoni kuanzia mwishoni mwa karne ya 19 zinapiga mara tano kwa sekunde: 18,000 kwa saa moja, 432,000 kwa siku.

Springi hiyo ya konokono ndiyo iliyogeuza saa kutoka pambo kuwa kipimo. Kabla Christiaan Huygens hajaitia kwenye saa mwaka 1675 (Robert Hooke alilalamika kwamba wazo lilikuwa lake, na ugomvi wao haujaisha mpaka leo miongoni mwa wapenzi wa saa), saa ya mfukoni ilikosea sana kwa siku moja, na nyingi zilikuwa na akrabu, yaani mshale, mmoja tu, wa saa. Akrabu ya dakika ya nini, wakati dakika zenyewe ni za kubahatisha? Nanga yenyewe ya aina hii ilibuniwa na Mwingereza Thomas Mudge katikati ya karne ya 18, na hata saa za mkononi za mitambo zinazouzwa leo karibu zote bado zinatumia ndugu yake.

Sasa, unaanzaje kuifungua? Jibu sahihi ni kwamba unaanza kwa kuilegeza kamani. Unashika kifundo cha kujazia kwa vidole viwili, unakisukuma pembeni kile kikwamo kidogo kinachoizuia isijikunjue, unakiacha kifundo kirudi nyuma taratibu chini ya vidole vyako mpaka nguvu iishe. Mimi nilianza kwa kutoa daraja la nanga, kile kipande kinachoishika mahali pake, kamani ikiwa imejaa. Kilichofuata kilikuwa sauti, sijui niiandikeje, kama zipu ya koti ikifunguliwa na mtu mwenye hasira. Magurudumu yote yalizunguka kwa mara moja, bila breki, mpaka kamani ikaisha. Kwa rehema halikuvunjika jino. Nilikaa nikiangalia mikono yangu.

Lakini hilo halikuwa kosa kubwa. Kosa kubwa lilikuja siku ya kuosha.

Mafuta ya miaka mingi hugeuka lami, na lami hiyo lazima itoke kabla ya mafuta mapya kuingia. Nilikuwa nimesoma kwamba spiriti inasafisha vizuri na inakauka haraka bila kuacha doa. Ni kweli. Nikazamisha kila kitu kwenye kibakuli cha kioo: mabamba, madaraja, magurudumu, na nanga. Nikaenda kunywa chai. Niliporudi, nikaitoa nanga kwa kibano, nikaiweka chini ya lenzi, nikaona ina nafasi mbili tupu. Vito vyake vilikuwa vimelala chini ya kibakuli, viwili, kila kimoja kidogo kuliko punje ya mchele, vyekundu, vinang'aa, visafi kweli kweli.

Nilimpelekea fundi mzee mmoja, wa wale wachache waliobaki wenye mikono ya kazi hii. Nilikuwa nimeifunga nanga na vito vyake kwenye karatasi kama dawa ya mganga.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umeniletea maiti au mgonjwa?"

"Mgonjwa, mzee. Vito vya nanga vimetoka."

"Vimetoka vyenyewe?"

"Nilikuwa naisafisha."

"Kwa kitu gani?"

"Spiriti."

Hakujibu. Alivaa lenzi yake jichoni, akaifungua ile karatasi, na mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani anakohoa. Alikuwa anacheka.

"Hata mimi, mwanangu," alisema alipotulia. "Ila wewe umeua ya kwako. Mimi niliua ya mteja."

Vito vya nanga havishikwi na skrubu wala gundi ya dukani. Vinashikwa na shelaki, lakiri ile inayotokana na utomvu wa mdudu, na shelaki inayeyuka ndani ya spiriti kama sukari ndani ya chai. Mzee aliyeyusha kipande juu ya moto mdogo, akakivuta mpaka kikawa uzi mwembamba, akauacha ukauke. Akavunja kijipande cha uzi ule, labda nusu milimita, akakilaza mgongoni mwa kito kilichokwisha kuwekwa mahali pake, kisha akapasha bamba dogo la shaba lililobeba nanga, kutokea chini. Kijipande kilikaa, kikakaa, halafu ghafla kikalegea na kusambaa kuzunguka kito, kama samli kwenye chapati ya moto. Akaondoa moto. Ndiyo basi. Kazi ya dakika nne, baada ya maisha mazima ya kujifunza. Sikuruhusiwa kulipa. Niliruhusiwa kurudi na kuangalia, na nimerudi mara nyingi.

Watu wananiuliza vito vya ndani ya saa ni vya nini, wakidhani ni mapambo. Ukiacha vile vya nanga, vingi ni mashimo ya kuzungukia. Mwaka 1704 Nicolas Fatio de Duillier na wenzake wawili wa ukoo wa Debaufre walipata hataza mjini London ya kutoboa yakuti ili mihimili ya saa izungukie ndani yake. Chuma kikizunguka ndani ya shaba, shaba inalika na tundu linakuwa yai; kikizunguka ndani ya yakuti laini iliyosuguliwa, miaka mia inapita. Kwa hiyo ukisoma kwenye mtambo "vito 15" au "17", umeambiwa mahali pangapi pamekingwa. Thamani yake kama vito ni ndogo mno, hasa tangu Auguste Verneuil alipoonyesha mwaka 1902 jinsi ya kutengeneza yakuti kwa moto. Anayeuza saa akikusisitizia kwamba "ina yakuti kumi na saba ndani", ondoka.

Na mafuta? Hapo ndipo wengi tunapoharibu kwa wema. Tone la mhimili wa gurudumu dogo ni dogo kuliko unavyofikiri. Chukua punje ya ufuta, ikate mara kadhaa, bado ni nyingi. Tone kubwa halikai tunduni, linatambaa, linafika kwenye springi ya konokono, mizunguko inagandana, na saa inaanza kukimbia dakika nyingi kwa siku. Meno ya magurudumu, ukiacha yale ya gurudumu la mwisho yanayogongwa na vito vya nanga, hayatiwi mafuta kabisa. Nilichukua mwaka mzima kuliamini hilo, kwa sababu kila mashine niliyoijua kabla yake, kuanzia baiskeli, ilipenda mafuta.

Kinachozivunja nyingi, hata hivyo, ni kuanguka. Mhimili wa mizani una ncha mbili zenye unene wa karibu milimita 0.1, na juu yake kuna gurudumu zito. Saa za mkononi za leo zina vito vilivyokalia springi, vinavyomeza kishindo. Ubunifu huo ulienea kuanzia miaka ya 1930. Saa ya mfukoni ya zamani haina. Ikimponyoka mwenyewe ikagonga sakafu, ncha inavunjika, na hapo ndipo maneno yale, "inafanya kazi ukiitikisa", yanapozaliwa. Ya kwangu ilikuwa hivyo. Dawa ni kuukata mhimili wa zamani, kuweka mpya, kisha kusawazisha gurudumu kwa kupunguza uzito hapa au kuongeza pale kwenye skrubu zake ndogo zilizolizunguka. Kuandika nimeandika kwa sentensi moja. Kufanya ilikuwa miezi miwili, na mihimili mitatu ilipotea. Mmoja naamini bado upo ndani ya zulia.

Nije kwenye kosa la tatu, ambalo fundi yeyote hawezi kulirekebisha, na ndilo lililonibadilisha.

Nyuso za saa za mfukoni ni za aina nyingi, ila mbili ndizo za kuzijua. Ya kwanza ni ya enameli: unga wa kioo uliochomwa juu ya bamba la shaba nyekundu mpaka ukawa mweupe kama kauri. Hii inapasuka nyufa za unywele, lakini haichakai. Maandishi yake yamepikwa ndani. Uchafu ukiingia kwenye nyufa, wapenzi wa saa huutoa kwa vidonge vya kuoshea meno ya bandia, na inafanya kazi vizuri mno. Ya pili ni ya chuma kilichopakwa fedha, na tarakimu zake zimechapwa juu tu, kama wino juu ya karatasi. Zinafanana kwa mbali. Nilikuwa na saa ya aina ya pili, ya Uswisi, uso wake umekuwa rangi ya majani makavu, nikaona niufute kidogo, tu kidogo, kwa pamba yenye maji. Nilifuta upande wa kushoto chini. Nikaiangalia pamba. Namba nane ilikuwa juu ya pamba.

Saa ile inatembea vizuri hadi leo, bila nane. Kwetu tunaosema Kiswahili maana yake ni kwamba haina saa mbili: asubuhi inaruka kutoka saa moja hadi saa tatu, na mahali pa saa mbili pana doa jeupe linalong'aa. Naiweka mbele ya macho kwa makusudi.

(Nikiwa hapo hapo: zipo saa zilizotengenezwa Uingereza na Uswisi kwa ajili ya soko la dola ya Osmani, zenye tarakimu za Mashariki. Watu wale walihesabu saa kuanzia kuchwa kwa jua. Jua likizama ilikuwa kumi na mbili kamili, na kwa kuwa jua halizami wakati mmoja mwaka mzima, mwenye saa alipaswa kuirekebisha akrabu kila mara. Uturuki iliacha hesabu hiyo mwaka 1926. Nilipoisoma habari hii niliguna, maana sisi saa kumi na mbili ya jioni tunaijua. Tofauti ni kwamba wao waligeuza akrabu, sisi tukaacha akrabu zilipo na kugeuza ulimi.)

Tangu nane ile ifutike, nafanya machache. Zamani nilipenda kung'arisha: kasha linaingia jeusi, linatoka linawaka kama kioo, unajisikia mganga. Siku moja nikalinganisha picha ya kabla na ya baada, nikaona michoro ya mistari iliyokuwa imechongwa mgongoni mwa kasha imebaki kama mvuke, na mhuri wa fedha, yule simba anayetembea wa Uingereza pamoja na nanga ya jiji la Birmingham, umekuwa uvimbe usiosomeka. Kung'arisha ni kula. Kila mara unakula kidogo, na ulichokula ni kile kile kilichokuambia saa imetoka wapi. Sasa nalifuta kasha kwa kitambaa, natoa uchafu kwenye bawaba kwa kijiti cha mti, basi. Weusi wa kwenye mifereji naacha. Kuna wakusanyaji wanaoniona mvivu. Wana saa zinazong'aa kuliko zangu.

Wapo wanaofanya vibaya zaidi, na hawa sina subira nao: wanaonunua saa kwa mizani. Kasha la dhahabu linang'olewa, linaenda kuyeyushwa, na mtambo unatupwa kwenye mfuko wa plastiki pamoja na mitambo mingine hamsini. Nimewahi kununua mfuko kama huo kwa ajili ya vipuri. Ndani yake mtambo mmoja ulikuwa bado unatembea. Ulikuwa unapiga humo ndani ya mfuko, bila kasha wala kioo.

Kwa sababu hiyo kuna ndoa nyingi za kulazimishana, mtambo wa huku ndani ya kasha la kule. Si kila ndoa ni udanganyifu. Marekani ilikuwa kawaida mitambo na makasha kuuzwa mbalimbali, mnunuzi akachagua mtambo anaoumudu na kasha analolitaka, sonara akaviunganisha hapo hapo. Ila angalia ukingo wa ndani wa kasha, pale skrubu mbili za kushikia mtambo zinapobana. Kila mtambo huacha alama yake. Ukiona alama jozi mbili, jua kasha limekwisha kuolewa mara mbili.

Kila mtu anayeanza anazitaka saa za reli, nami nilizitaka. Zina hadithi. Mwezi Aprili 1891, treni mbili ziligongana Kipton, Ohio, na inasimuliwa kwamba saa ya dereva mmoja ilikuwa imesimama dakika nne kisha ikaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Baada yake sonara wa Cleveland, Webb C. Ball, akapewa kazi ya kusimamia ukaguzi wa saa za wafanyakazi wa reli, na masharti yakakaza: uso wazi usio na kifuniko, tarakimu nene, vito visivyopungua 17, imepimwa katika mikao mitano, isikosee zaidi ya sekunde 30 kwa wiki. Na kuirekebisha akrabu hukuvuta kifundo, ulilazimika kufungua kioo na kuchomoa wenzo mdogo uliofichwa pembeni, ili dereva asije akausogeza wakati kwa bahati mbaya akiitia ufunguo. Ni saa nzuri sana. Ninayo moja. Nikisema ukweli, haina la kuniambia; imejaa kujiamini.

Ninayoipenda ni ile wakusanyaji wanayoirukia. Georges Frédéric Roskopf, mzaliwa wa Ujerumani aliyefanya kazi Uswisi, alitaka saa ambayo kibarua angeinunua kwa faranga 20. Akaondoa gurudumu la katikati, akaongeza ukubwa wa kopo la kamani, badala ya vito vya nanga akatia vijiti vya chuma, akafikisha sehemu 57 tu, akaipeleka kwenye maonyesho ya Paris mwaka 1867. Mafundi wakubwa wa enzi hizo hawakutaka kuigusa. Ina mlio mnene, wa kishamba, unausikia kutoka chumba cha pili. Niliyo nayo imechakaa pale tu ambapo kidole gumba kinalala unapoichomoa mfukoni, na pamechakaa mpaka nikeli imeisha na shaba imeonekana. Hakuna aliyeing'arisha, ni kidole tu.

Jambo moja la tahadhari kabla sijasahau. Saa ambazo tarakimu na akrabu zake zimepakwa rangi nene ya manjano au kahawia inayomeguka, hasa za tangu Vita vya Kwanza vya Dunia mpaka miaka ya 1960, huenda zina radiamu. Mng'ao umekufa zamani, mionzi bado ipo; radiamu inachukua miaka ipatayo 1,600 kupungua nusu. Usikwangue. Usipulize. Mimi sizifungui kabisa.

Turudi kwenye yenye alama saba. Nimeiosha, safari hii nanga ikiwa kibakuli chake peke yake bila spiriti. Nimebadilisha kamani, maana ya zamani ilikuwa imechoka na kubaki na umbo la kukunjika. Nimetia mafuta mahali kumi na tatu. Uso wa enameli una ufa mmoja, unaoanzia kwenye kumi na moja na kuishia katikati, nimeuacha. Ikilala chali inawahi, ikisimama inachelewa, kama saa nyingi za umri wake, na ningeweza kukaa wiki nyingine mbili nikiufuata mwachano huo. Sitafanya hivyo.

Kilichonisumbua kilikuwa kifuniko. Nafasi ipo, chini ya ile ya 1931, na sindano ninayo. Nilimuuliza mzee. Akaniuliza kama nitaiharibu tena. Nikamwambia sijui. "Basi andika kwenye karatasi," akasema. Zamani makasha ya saa yaliwekwa karatasi za duara ndani, zenye jina la fundi. Ziliziba nafasi na kutangaza kazi. Nikakata duara, nikaandika tarehe, "kamani mpya, imeoshwa, mafuta", na herufi mbili za jina langu. Mwandiko ulikuwa mkubwa, karatasi nene, kifuniko kikagoma. Nikakata nyingine kutoka kwenye karatasi ya risiti, nikaandika kwa penseli iliyochongwa. Ikakaa.

Kifuniko cha mbele nakifunga huku nimebonyeza kifundo, kisha naachia, ili kile kiulimi cha kukishika kisisuguliwe. Nimeitia ufunguo jana usiku. Asubuhi ya leo ilikuwa nyuma dakika mbili. Nimesogeza akrabu.